Mwasiti na Waheshimiwa wa Mizani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Basi songeeni moto, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ina hesabu ndani yake, na hesabu haipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale, zama zile wanyama walipokuwa wakishika vyeo na watu wakipanga foleni, palikuwa na nchi ikiitwa Magunda. Ilikuwa nchi ya mtama. Ukiamka unakula mtama, ukilala unaota mtama, ukioa unatoa mtama. Na kwa sababu mtama ulikuwa ndio uhai, Magunda walikuwa na desturi moja ya busara sana: kila kaya, baada ya kuvuna, ilichagua mbegu zake bora, ikazitia katika mfuko wa ngozi, ikazipeleka Ghala Kuu. Huko mfuko ulifungwa, ukapigwa nta, na juu ya nta ukagongwa muhuri. Haukufunguliwa tena mpaka mvua ya kwanza. Maana mnajua wenyewe, miezi ya njaa tumbo hupiga kelele, na mbegu iliyo karibu na chungu haimalizi msimu.

Desturi hiyo moja ilikuwa ya busara. Shida ni kwamba desturi ikishaajiri watumishi, huzaa desturi nyingine.

Ghala Kuu lilikuwa na Mkuu wake, Bwana Ngiri, mnene wa shingo, mfupi wa maneno. Lilikuwa na karani wake, Korongo, aliyechomeka kalamu ya tete nyuma ya kichwa na kuandika kila kitu, hata chafya. Na mlangoni pake ilisimama mizani kubwa ya vitanga viwili: kitanga cha mfuko huku, kitanga cha mawe kule, na mkono wa mizani katikati.

Sasa sikilizeni desturi iliyozaliwa. Magunda walisema kwamba kitu hakipimwi peke yake, kwani kilicho peke yake kina ukiwa, na ukiwa ni nuksi. Basi kila mfuko ulipowekwa kitangani, uliwekewa pembeni mawe ya heshima, sawa na mawe mengine ya mizani ila yamevishwa vitambaa vyekundu: moja la Jumbe, moja la marehemu baba yake Jumbe, na moja la marehemu babu yake. Mawe hayo yaliitwa Waheshimiwa. Watu waliyaamkia, "Shikamoo, Waheshimiwa," ndipo mfuko ukapimwa.

Na Waheshimiwa hawakuhesabiwa. Ng'o! Kumhesabu Jumbe kama mbuzi, au marehemu baba yake kama kuku? Mtu aliyewatazama Waheshimiwa kwa jicho la kuhesabu alipigwa kofi na mama yake mwenyewe, na mama akashukuriwa.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye mfuko alikwenda kuudai. Sheria ilisema mfuko uliofungwa usitajwe kilichomo. Uitwe Fulani tu. Korongo aliuweka kitangani pamoja na Waheshimiwa, akajaza mawe kule mpaka mizani ikasawazika, kisha akauliza: "Fulani ana mawe mangapi?" Ukijibu sawa, unachukua mbegu zako. Ukikosea, mfuko wako una shaka, na mfuko wenye shaka unapelekwa Chumba cha Mashaka kwa uchunguzi.

Na watu wa Magunda walijibuje? Walijibu walichokiona. Wakiona kule kuna mawe tisa, walisema, "Tisa!" Bwana Ngiri aliuchukua mfuko, akaingia nao ndani, akafunga mlango, akaupima kwa mizani yake ndogo isiyokuwa na heshima yoyote. Kisha sauti yake ikasikika: "Pungufu!"

Mwaka baada ya mwaka, pungufu, pungufu, pungufu. Watu wakatafuta sababu. Wengine walisema mtama hunywea gizani. Wengine walisema ni majini. Mzee mmoja alisema ni tabia za vijana wa siku hizi. Bwana Ngiri hakusema kitu. Alinenepa tu.

* * *

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aliyeitwa Mwasiti, mchota maji. Alichota maji kisimani akayapandisha mlimani kwa mti wa mzega: mti begani, mtungi huku, mtungi kule. Mwaka uliopita alikuwa amesema "tisa" kama wenzake, akapoteza mfuko wake kama wenzake. Mwaka mzima yeye na wanawe wawili walikula mizizi ya porini, ile chungu, ile unayoichemsha mara tatu na bado inakununia. Mwaka huu alikuwa na mfuko mmoja tu ghalani, mbegu za mwisho za ukoo wao. Mfuko huo ukienda Chumba cha Mashaka, hapakuwa na mwaka mwingine. Ilibaki kufungasha vyombo na kuhama, na kuhama na watoto kwa miguu wakati wa njaa ni safari ambayo si wote hufika.

Siku moja, mawingu yameanza kujikusanya, Mwasiti alikuwa akipanda mlima na mitungi yake, akakutana na jirani yake Bi Kanga, yule mwenye mavazi ya madoadoa na maneno mengi.

"Shoga, koo limekauka. Nipe maji kidogo, usitue, utachoka bure."

Mwasiti akachota kata moja mtungi wa kushoto, akampa. Mzega ukainama kulia, naye akayumba kama mlevi. Basi akachota kata nyingine mtungi wa kulia, akaimwaga njiani. Mti ukatulia begani, sawa kama mwanzo.

"We Mwasiti!" Bi Kanga akapiga makofi ya mshangao. "Mbona unamwaga maji? Umerogwa?"

"Nasawazisha, shoga. Nikitoa huku, natoa na kule. Bega langu halidanganywi." Na akaendelea kupanda huku akiimba wimbo wake wa kila siku:

*Huku na kule, huku na kule,*
*nikifanya huku, nafanya na kule,*
*bega langu halidanganywi.*

Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Hatua ya tatu akasimama ghafla, katikati ya njia, mitungi ikining'inia.

"Bi Kanga," akasema polepole, "mizani ya ghala ina kitanga huku na kitanga kule."

"Hilo nalo hulijui?"

"Nalijua. Ila leo ndiyo nimelisikia begani."

* * *

Mvua ya kwanza ikanyesha. Udongo wa Magunda ni udongo mweusi wenye hasira: unapokea mbegu siku tatu tu, kisha unafunga mlango. Kulipopambazuka foleni ilikuwa imezunguka ghala. Jumbe mwenyewe alikuwapo, kama ilivyompasa. Jumbe wa Magunda alikuwa Kiboko, akihukumu akiwa ndani ya dimbwi lililochimbwa pembeni ya ghala, Dimbwi Rasmi. Pua nje, masikio nje, na jicho moja likiwa macho kwa niaba ya mwenzake.

Watu ishirini walitangulia. Ishirini wakajibu, na ishirini wakasikia "Pungufu!" Wakaondoka wakiwa wameshika vichwa.

"Anayefuata!" Korongo akaita. "Jina?"

"Mwasiti binti Shekue."

"Kazi?"

"Kuchota maji."

"Uthibitisho wa kazi?"

Mwasiti akafunua bega lililoota sugu. Korongo akaliangalia kwa makini, akaandika: *Bega limeonekana.*

Mfuko ukaletwa, ukawekwa kitangani. Waheshimiwa wakawekwa pembeni yake, wakaamkiwa. Korongo akajaza mawe kule, moja moja, mpaka mkono wa mizani ukalala sawa.

"Fulani pamoja na Waheshimiwa ni sawa na mawe kumi," Korongo akatangaza. "Mwenye mfuko, sema. Fulani ana mawe mangapi?"

"Sema kumi, shoga!" Bi Kanga akanong'ona nyuma, mnong'ono wa kusikika mpaka kisimani. "Umeona kumi, sema kumi, tuondoke!"

"Bado sijui," akasema Mwasiti.

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Tangu Magunda iwe Magunda hakuna aliyewahi kusimama mbele ya ofisi akasema hajui. Korongo akageuza ukurasa, akaugeuza tena.

"Mama, hapa hakuna nafasi ya 'bado sijui'. Kuna nafasi ya idadi, na kuna nafasi ya dole gumba."

"Basi kabla sijajibu nina ombi moja. Naomba Waheshimiwa wapumzike." Akageukia dimbwi, akapiga goti. "Jumbe wetu, wamesimama juu ya mizani tangu alfajiri. Wamepima mifuko ishirini. Wewe uko majini, hilo ni haki yako. Lakini marehemu babu yako amesimama juani. Hiyo ni heshima au ni adhabu?"

Jicho la pili la Jumbe likafunguka. "Ana neno huyu. Babu yangu alikuwa mgonjwa wa magoti."

Bwana Ngiri akakoroma. "Korongo! Washushe upesi, tumalize upuuzi huu!"

Korongo akawakumbatia Waheshimiwa wote kwa mpigo akawashusha. Kitanga cha mfuko kikaruka juu, kitanga cha mawe kikashuka kwa kishindo, pu! juu ya mguu wa Korongo.

"Mizani imeasi!" akafoka Bwana Ngiri. "Ikamatwe!"

Korongo aliukunja ule mguu chini ya tumbo, akaandika akiwa amesimama kwa mguu mmoja: *Mizani imemshambulia mtumishi akiwa kazini.* Na mpaka leo mkimwona korongo amesimama kwa mguu mmoja, msidhani anapumzika. Anasubiri shauri lake lisikilizwe.

"Mizani haijaasi, Bwana Mkuu," akasema Mwasiti. "Mmepunguza huku, kule mmeacha vilevile. Hata mimi mngenipunguzia mtungi mmoja ningewaangukia." Akawarudisha Waheshimiwa kwa mikono miwili, na mizani ikasawazika. "Wakubwa hawashuki hivyo. Jumbe akishuka barazani, askari wake anabaki juu? Kila Mheshimiwa ashuke na msindikizaji wake, jiwe moja kutoka kitanga cha pili."

"Msindikizaji!" Jumbe akapenda. "Kwa nini hatukuwahi kuwa na wasindikizaji?"

Mwasiti akaanza kuimba taratibu:

*Huku na kule, huku na kule,*
*nikifanya huku, nafanya na kule,*
*bega langu halidanganywi.*

Mkono wa kulia ukamshusha Jumbe, mkono wa kushoto ukashusha jiwe moja kule. Mizani ikatikisika, ikatulia. Akamshusha marehemu baba, akashusha jiwe. Ikatulia. Akamshusha marehemu babu, polepole kwa ajili ya magoti, akashusha jiwe. Ikatulia. Hakuhesabu Mheshimiwa hata mmoja. Kitangani huku alibaki Fulani, na kule yakabaki mawe ambayo mtoto yeyote angeweza kuyahesabu.

"Kavunja mila!" akapiga kelele Bwana Ngiri. "Fulani kapimwa peke yake!"

"Hayuko peke yake, Bwana Mkuu. Ana mawe saba mbele yake, wanatazamana. Fulani ni saba."

"Utajuaje kama ni kweli?"

"Tuwarudishe tuone." Mwasiti akarudisha kila upande kama ulivyokuwa: Waheshimiwa huku, wasindikizaji wao kule. Saba na wale watukufu wakawa sawa na kumi, na mkono wa mizani ukalala sawa kama kitanda kilichotandikwa. Watu wa foleni wakatazamana. Mmoja wa wale ishirini, aliyekuwa hajaenda mbali, akaanza kulia, maana alikuwa amesema "nane" miaka sita mfululizo.

Lakini Bwana Ngiri hakuwa amekaa ofisini miaka yote hiyo bila kujua kazi ya karatasi. Akamnong'oneza Korongo. Korongo akafunua, akafunua, akasoma: "Kanuni ya kumi na tisa. Njia mpya haitakubaliwa mpaka ifaulu mara tatu, mbele ya Jumbe, kwa mifuko mitatu tofauti. Ikishindwa mara moja, aliyeileta anapoteza mfuko wake, na njia inapelekwa Chumba cha Mashaka."

"Njia nayo inapelekwa?" Jumbe akauliza.

"Imeandikwa, Jumbe."

"Basi kama imeandikwa."

Mwasiti akautazama mfuko wake. Ulikuwa hatua mbili tu kutoka alipo. Angenyoosha mkono angeugusa. Angani wingu jeusi lilikuwa linateremka. Akawaza wanawe, akawaza ile mizizi chungu.

"Leteni wa pili," akasema.

* * *

Wa pili walikuwa ndugu watatu Pimbi, wafupi, wasio na mikia, wazaliwa wa tumbo moja. Mifuko yao ilikuwa mitatu iliyolingana, imefungwa kwa kamba moja na kugongwa muhuri kwenye fundo, kwani sheria ilisema ndugu hawatenganishwi. Na kwa kuwa ndugu wanasindikizana wenyewe, hawakuwekewa Waheshimiwa. Korongo akapandisha tita zima, akajaza mawe kule.

"Fulani mara tatu ni sawa na mawe kumi na mawili," akasoma. "Fulani mmoja ana mawe mangapi?"

"Mwaka jana tulisema kumi na mbili," akasema Pimbi mkubwa.

"Wote watatu," akasema wa kati.

"Na wote tukakosea," akasema mdogo.

Bwana Ngiri akatabasamu kwa meno yote, na ana meno mengi. "Haya, mchota maji. Washushe Waheshimiwa, basi."

"Toa matatu!" watu wakapiga kelele. "Kama ulivyofanya kule! Toa matatu, sema tisa!"

Mkono wa Mwasiti ukaenda kwenye mawe. Ukasita. Akaufumba.

"Hapana," akasema. "Mwanzo Fulani aliongezewa watu, nami nikawaondoa walioongezwa. Hapa ameongezewa nani? Hakuna. Fulani ni yuleyule, kazidishwa mara tatu. Aliyeongezewa hupunguziwa. Aliyezidishwa hugawanywa."

"Gawanya basi!" akacheka Bwana Ngiri. "Kata kamba, uvunje muhuri, ukalale gerezani!"

"Kamba siigusi. Hawa wamekwisha kujigawa wenyewe, ni watatu na wamelingana. Kule ndiko hakujagawanywa." Na akaimba:

*Huku na kule, huku na kule,*
*nikifanya huku, nafanya na kule,*
*bega langu halidanganywi.*

Akayapanga mawe kitangani mafungu matatu, jiwe kwa jiwe. Moja fungu la Pimbi mkubwa, moja la wa kati, moja la mdogo. Akarudi. Moja, moja, moja. Akarudi tena, akarudi tena, mpaka mawe yakaisha na hakuna lililobaki likitafuta mwenyewe. Mizani haikutikisika hata kidogo. Mbele ya kila mfuko palikuwa na mawe manne.

"Fulani ni nne," akasema Mwasiti. "Nne ya mkubwa, nne ya wa kati, nne ya mdogo. Zijumlisheni."

"Nne," akasema Pimbi mkubwa.

"Nane," akasema wa kati.

"Kumi na mbili!" akalia mdogo, na akaruka juu kiasi ambacho pimbi hajawahi kuruka tena.

Foleni ikapiga vigelegele. Bi Kanga akamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba yeye ndiye aliyeomba yale maji.

* * *

Bwana Ngiri hakupiga vigelegele. Aliingia ghalani, akakaa kidogo, akatoka na mfuko wa ngozi nyororo wenye pindo la shanga. Watu wakautambua, wakasogea nyuma. Ulikuwa mfuko wa Jumbe.

Akauweka kitangani kwa heshima zote, bila Waheshimiwa, kwani Jumbe hawezi kujisindikiza mwenyewe. Korongo akajaza mawe tisa, mizani ikasawazika.

"Huyu ndiye wa tatu," akasema Bwana Ngiri, na safari hii sauti yake ilikuwa laini kama mafuta. "Fulani huyu aliingia ghalani akiwa mzima. Mchwa wakamwingilia, wakala mawe matano. Aliyebaki ndiye huyu, sawa na mawe tisa. Haya, mama. Siku alipoingia, Fulani alikuwa na mawe mangapi? Na ujue ni mfuko wa Jumbe. Ukikosea hapa, mbegu zako ni neno dogo."

Hata wingu likasimama. Hapakuwa na Waheshimiwa wa kushusha, hapakuwa na ndugu wa kugawia. Palikuwa na mfuko huku, mawe tisa kule, na Bwana Ngiri akisubiri.

"Ametaja tano," mtu akanong'ona. "Toa tano. Sema nne."

"Nne!" wakaitikia wengine. "Sema nne, Mwasiti!"

Jasho lilimtiririka Mwasiti mpaka kwenye sugu la bega. Akafumba macho, akajiona njiani, mzega umeinama, koo la jirani limekwisha kunywa. Kilichofanyika hapa ni nini? Hakikuongezwa kitu. Hakikuzidishwa kitu. Kilitolewa.

Akafumbua macho.

"Aliyeongezewa hupunguziwa," akasema. "Aliyezidishwa hugawanywa. Huyu kanyang'anywa. Aliyenyang'anywa hurudishiwa."

Akachukua mawe matano, akayaweka pembeni ya mfuko wa Jumbe, mahali pa yale yaliyoliwa. Kitanga kikazama. Foleni ikaguna, Bi Kanga akajifunika uso kwa bawa. Bwana Ngiri akafungua mdomo aseme "Kashindwa," lakini Mwasiti alikuwa ameshaanza kuimba, na sasa foleni nzima ikaimba naye:

*Huku na kule, huku na kule,*
*nikifanya huku, nafanya na kule,*
*bega langu halidanganywi.*

Akaweka mawe matano kule. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kitanga kikapanda. Mizani ikalala sawa.

"Huku Fulani ni mzima, kama siku alipoingia. Kule kuna tisa na tano. Fulani alikuwa kumi na nne."

Macho yote yakageukia dimbwi. Jibu hilo alilijua mmoja tu. Jumbe akainuka, maji yakimtiririka, na kwa kuwa hakuwa na haraka tangu azaliwe, hakuwa na haraka siku hiyo.

"Kabla sijauleta ghalani," akasema, "niliupima kwangu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Ulikuwa na mawe..." Akapumua. "Kumi na manne."

Loo! Kelele zilizopigwa pale zilimwamsha popo aliyekuwa nchi jirani. Watu walimbeba Mwasiti, Pimbi watatu wakambeba Bi Kanga kwa makosa, wakamtua. Lakini Jumbe alikuwa bado amesimama, na mtu mnene akifikiri, ukimwacha, hufika.

"Ngoja," akasema. "Mchwa?"

Watu wakamtua Mwasiti chini.

"Mama Mwasiti, ugeuze mfuko wangu. Una tundu?"

Mwasiti akaugeuza huku, akaugeuza kule. "Hauna, Jumbe wetu. Ngozi ni nzima. Nta ni nzima pia, ila hii ni mbichi. Inanata kidoleni."

"Mchwa walioingia bila tundu," akasema Jumbe, "wakala mawe matano, wakatoka, wakafunga, wakapiga nta. Korongo! Ripoti ya mchwa uliiandika lini?"

Korongo alikuwa mtumishi mwaminifu wa karatasi. Hakujua kusema uongo kwa sababu haukuwa na safu yake. Akafunua. "Mwezi uliopita, Jumbe. Bwana Mkuu aliniambia niandike mchwa, akasema mfuko wenyewe atautafuta baadaye."

Bwana Ngiri akainua mkia akataka kukimbia, lakini foleni ilikuwa imelizunguka ghala lote. Watu wa Magunda walijua kupanga foleni, na siku hiyo foleni ilikuwa na kazi.

"Fungueni Chumba cha Mashaka," akasema Jumbe.

Wakakifungua. Nusu ya chumba ilikuwa vyungu vya kupikia na mifuko mitupu ya miaka iliyopita. Nusu ya pili ilikuwa mifuko ya mwaka huu, imejaa, haijaguswa, nta zake zimekauka. Mwenye "nane" wa miaka sita akauona wake, akaukumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hukumu ikatolewa palepale. Bwana Ngiri hakufungwa, kwani Jumbe alisema mfungwa hula tu na huyu amekula vya kutosha. Aliamriwa apige magoti, na kwa magoti hayohayo, kwa pua na kwa meno yake, achimbe mashimo ya mbegu shamba kwa shamba, mpaka kaya ya mwisho ya Magunda iwe imepanda. Alichimba sana, hata magoti yakaota sugu, na tangu siku hiyo ngiri amesahau kula akiwa amesimama. Nendeni porini mkamtazame.

Waheshimiwa nao walipewa amri yao: waendelee kuamkiwa, lakini wakiisha kuamkiwa washuke, kila mmoja na msindikizaji wake, ndipo mwenye mfuko aulizwe Fulani ana mawe mangapi. Korongo akaandika kanuni mpya akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Watu walioijua wakawafundisha wasioijua, njiani, kisimani, shambani: tazama Fulani kafanywa nini, kisha umtendee kinyume chake, huku na kule. Na kwa muda mrefu sana Magunda hapakusikika neno "pungufu", isipokuwa kwa mtu aliyeishiwa na chumvi.

Na Mwasiti? Mwasiti hakungoja sherehe. Alivunja nta ya mfuko wake kwa ukucha, akautia mkono ndani mpaka kiwiko, akazisikia mbegu zikimpita vidoleni, baridi, nzito, zote zipo. Akaenda shambani na wanawe wawili. Mmoja alishika jembe, wa pili alifukia kwa kisigino, na mama akadondosha mbegu, tatu kwa kila shimo. Walikuwa hawajamaliza tuta la nne mvua iliponyesha, ile kubwa, ile yenye matone ya kuuma.

Watoto wakataka kukimbilia nyumbani. Mama yao akabaki amesimama katikati ya shamba, uso juu, mfuko mikononi, analoa na kucheka. Walipotazama upande wa bonde wakaona katika kila shamba la Magunda kuna mtu amesimama vilevile, analoa, hakimbii.

Mtama wa mwaka ule ulizidi kimo cha mtu aliyebeba mtu.

Hapo ndipo ilipofika hadithi yangu, nayo haina hatua nyingine mbele. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie nilivyoileta.